Kwale: Ardhi, vigae na kaya za pwani ya kusini

KAUNTI ya Kwale ndiyo pembe ya kusini-mashariki kabisa ya Kenya. Imepakana na Mombasa na Kilifi upande wa kaskazini na kaskazini-mashariki, Taita-Taveta upande wa magharibi, Tanzania upande wa kusini na Bahari ya Hindi upande wa mashariki. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 8,270, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo wakazi 866,820. Makao makuu yake ni mji wa Kwale, ulioko juu ya Milima ya Shimba, na miji mingine inayofahamika ni Ukunda, Diani, Msambweni, Kinango na Lungalunga.

Wageni wengi huijua sehemu hii kwa sababu ya mchanga mweupe wa Diani. Wataalamu wa mambo ya kale, kwa upande wao, wamelitaja jina la Kwale kwa zaidi ya nusu karne kwa sababu ya vigae vya vyungu vilivyofukuliwa karibu na mji huo. Vigae hivyo ni miongoni mwa ushahidi muhimu kabisa wa kuingia kwa kilimo na ufuaji wa chuma katika pwani ya Afrika Mashariki. Vinaonyesha kuwa historia ya pwani ya kusini ilianza milimani na mashambani, karne nyingi kabla ya msikiti wa kwanza wa mawe kujengwa ufuoni.

Ushahidi huo haukuwekwa katika maandishi na wenyewe. Umebaki katika udongo, katika magofu machache na katika misitu ya kaya, yaani mahali pale pale panapogombaniwa leo na wachimbaji wa madini, wajenzi wa hoteli na wananchi wanaotafuta hatimiliki za mashamba yao.

Ardhi ya ngazi nne

Anayetoka ufuoni akaelekea bara hupanda kama ngazini. Ngazi ya kwanza ni ukanda wa pwani, ambao haupandi sana kupita mita 30 juu ya usawa wa bahari. Mwamba wake ni matumbawe ya kale, yaliyokua wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa, miaka ipatayo 125,000 iliyopita. Bahari iliposhuka, matumbawe hayo yalibaki nchi kavu yakawa jiwe. Maji ya mvua yameyatoboa na kufanya mapango mengi, na mji wa Shimoni umepata jina lake kutokana na mapango hayo. Jiwe hilo hilo ndilo lililowapa wajenzi wa zamani matofali ya kuta zao, na lilipochomwa likawapa chokaa.

Ngazi ya pili ni nyanda za chini zenye udongo wa kichanga, mwingi wake ukiwa mwekundu. Huku ndiko kwenye minazi, mikorosho, miembe na mashamba ya miwa ya Ramisi. Ngazi ya tatu ni Milima ya Shimba, ambayo hupanda hadi kiasi cha mita 450. Miamba yake ni ya mchanga ulioshikamana tangu zama za kale sana. Kwa kuwa inaukabili upepo wa bahari, milima hii hupata mvua na ukungu zaidi kuliko nchi iliyo nyuma yake. Msitu wake ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na ndiyo makao ya pekee ya palahala katika Kenya. Chemchemi za Marere, zilizoko huko huko milimani, zimekuwa zikipelekewa wakazi wa Mombasa maji kwa mabomba.

Ngazi ya nne ni nyika. Kuanzia Kinango hadi Samburu na Mackinnon Road, nchi ni kavu, yenye miti ya miiba na mibuyu, na wakazi wake, wengi wao Waduruma, hutegemea mifugo zaidi kuliko mazao. Tofauti ya mvua ndiyo inayoeleza tofauti ya maisha: sehemu za ufuoni zinaweza kupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, ilhali bara hupata milimita 400 tu katika sehemu nyingine. Mvua huja kwa misimu miwili, masika kuanzia Aprili hadi Juni na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Mito ni michache. Umba huanzia Milima ya Usambara, Tanzania, ukamwaga maji yake karibu na Vanga. Ramisi huingia katika ghuba ya Funzi, Mkurumudzi hutoka Shimba ukaelekea Gazi, na Mwachema huingia baharini baina ya Tiwi na Diani. Udogo wa mito hii usimpotoshe msomaji. Mbele ya pwani yote umetanda mwamba wa matumbawe ulio hai, ambao huyavunja mawimbi na kuyaacha maji ya ndani yakiwa shwari. Matumbawe hayastawi penye maji baridi na matope, kwa hiyo mbele ya midomo ya mito mwamba huwa umekatika. Mapengo hayo ndiyo milango ya vyombo. Mahali penye mlango wa kuingilia, maji matamu ya kunywa na mikoko ya kukata boriti ndipo watu walipojenga miji.

Pepo nazo zilikuwa na kazi yake. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi, kuanzia Aprili, iliyarudisha. Kwa karne nyingi kalenda ya biashara ya pwani ilifuata pepo hizo mbili.

Vigae vya Kwale

Katika miaka ya 1960 Robert Soper, mtaalamu wa mambo ya kale, alichimbua mahali karibu na mji wa Kwale na kupata vigae vya aina ambayo haikuwa imeelezwa hapo kabla. Vilikuwa vya mabakuli na vyungu vyenye midomo minene iliyokatwa bapa kingoni na kupambwa kwa michirizi. Makaa yaliyopimwa yalionyesha kuwa vilitumika katika karne ya 3 baada ya Kristo. Soper alichapisha matokeo yake mwaka 1967, na tangu hapo vyungu vya namna hiyo, popote vinapopatikana, vimeitwa vyungu vya Kwale.

Navyo vimepatikana mbali. Vimefukuliwa katika milima ya Pare na Usambara. Felix Chami na wenzake wamevipata katika pwani ya Tanzania karibu na mto Rufiji, na hata katika visiwa. Kusini zaidi, vyungu vya Matola, karibu na Maputo nchini Msumbiji, na vya Silver Leaves nchini Afrika Kusini vinafanana navyo kiasi cha kuwafanya wataalamu wengi waviweke katika ukoo mmoja. Hivyo jina la mji mdogo wa milimani limekuwa jina la sura nzima ya historia ya Afrika, sura ya wakulima waliotembea kutoka bonde hadi bonde wakichukua mbegu, ufundi wa chuma na, kwa maoni ya wengi, lugha za Kibantu.

Kwa nini walichagua Shimba? Jibu limo katika ngazi zile nne. Mkulima mwenye mbegu za mtama na wimbi huhitaji mvua ya kutegemewa. Mfua chuma huhitaji kuni nyingi za kuchoma makaa. Vyote viwili vilikuwa milimani, na bahari haikuwa mbali kwa anayetaka samaki au chumvi. Nyika haikuwa na mvua ya kutosha, nao ukanda wa matumbawe una udongo haba juu ya jiwe.

Wakulima hao hawakuikuta nchi tupu. Katika kaunti jirani ya Kilifi, pango la Panga ya Saidi lina mabaki ya watu wa zama za mawe. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kwamba humo lilipatikana kaburi la mtoto wa miaka 78,000 iliyopita, la kale kuliko makaburi yote ya binadamu yanayojulikana Afrika. Jamii za wawindaji, kama Wawaata na Wadegere, ziliendelea kuishi kando ya wakulima wa bara la pwani hadi nyakati za karibuni.

Chuma kilichoingia na chuma kilichotoka

Maandishi ya wageni yanaweza kusomwa sambamba na vigae. Kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya 1, kiitwacho Periplus, kinaielezea pwani ya Azania, jina ambalo wageni hao waliipa Afrika Mashariki. Kinasema kwamba wafanyabiashara kutoka Arabia ya Kusini walileta mikuki, mashoka na visu, wakaondoka na pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa.

Karne kumi na moja baadaye hali ilikuwa imebadilika. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliandika kwamba chuma kilikuwa biashara kubwa ya watu wa Malindi. Pwani iliyokuwa ikinunua mashoka sasa ilikuwa inauza chuma. Kati ya maandishi hayo mawili ndiko walikoishi wafinyanzi wa Kwale na vizazi vilivyowafuata.

Kuanzia karne ya 6 au ya 7 vyungu vya Kwale vilipungua, na mahali pake pakachukuliwa na vyungu vilivyochorwa pembetatu. Hivi vimeenea kuanzia Lamu hadi Msumbiji, ufuoni na bara pia. Wataalamu wamebishana kama vilizaliwa moja kwa moja na vile vya Kwale. Ambalo halina ubishi mkubwa ni kwamba viliwahusu watu wa bara na wa miji ya bahari kwa pamoja. Wanaisimu wamefikia hoja ya namna hiyo kwa njia nyingine. Kiswahili, Kidigo na lahaja nyingine za Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na lugha za Komoro ni watoto wa mama mmoja, kundi linaloitwa Sabaki. Mswahili wa ufuoni na Mdigo wa Shimba ni ndugu wa damu ya lugha kabla ya kuwa majirani wa soko.

Miji ya mawe

Uislamu na ujenzi wa mawe ulipoenea pwani, kusini nako hakukuachwa nyuma. Penye mdomo wa mto Mwachema, katikati ya mibuyu mikubwa, umesimama Msikiti wa Kongo wa Diani, unaokadiriwa kuwa wa karne ya 14 au ya 15. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na waumini wangali wanasali humo. Ng'ambo ya mto, Tiwi, yako magofu mengine ya msikiti. Miji hii haikuwa mikubwa kama Mombasa au Kilwa. Hata hivyo, inaonyesha kuwa kila mlango wa mwamba ulikuwa na watu wake, visima vyake na msikiti wake.

Mombasa yenyewe iliitegemea nchi kavu. Ibn Battuta, aliyefika huko mwaka 1331, aliona kwamba watu wa kisiwa hicho hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka pwani ya bara. Mji wa kisiwani haungeweza kuishi bila wakulima wa nchi kavu, na uhusiano huo wa chakula ndio uliokuja kuzaa mapatano baina ya koo za Mombasa na jamii za Kimijikenda, wakiwemo Wadigo.

Upande wa kusini kabisa, karibu na Vanga, kulikuwa na dola ndogo ya Vumba. Mji wake wa kwanza, Vumba Kuu, sasa ni magofu. Baadaye wenyewe walihamia kisiwa cha Wasini na Vanga. Habari zao zilikusanywa na A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya Uingereza, aliyezichapisha mwaka 1900. Zinaeleza juu ya watawala waliokuwa masharifu, walioitwa madiwani, na juu ya pembe ya siwa iliyopulizwa katika sherehe za utawala. Kivumba, lahaja ya Vanga na Wasini, na Kifundi cha Funzi na vijiji vya jirani, zimehifadhi matamshi na miundo inayowavutia wanaisimu hadi leo, ingawa vijana wengi sasa huelekea Kiswahili cha Mombasa na cha shuleni.

Kaya na suala la Shungwaya

Wadigo na Waduruma ni sehemu ya jamii tisa za Mijikenda. Nyingine ni Rabai, Ribe, Kambe, Jibana, Chonyi, Giriama na Kauma. Jina la Mijikenda lenyewe lilikubalika katika miaka ya 1940. Kabla ya hapo wengine waliwaita Wanyika, jina ambalo wenyewe hawakulipenda.

Masimulizi ya wazee husema kwamba mababu walitoka Shungwaya, nchi ya kaskazini, wakasukumwa na Wagalla, na kwamba Wadigo walikuwa wa kwanza kuondoka. Walipofika Shimba walijenga kaya, yaani kijiji chenye boma katikati ya msitu. Waliifukia fingo, dawa ya kuilinda, na kuuweka utawala mikononi mwa baraza la wazee liitwalo ngambi. Kaya Kwale huhesabiwa na Wadigo kuwa ya kwanza kati ya kaya zao.

Wanahistoria wametofautiana juu ya masimulizi haya. Thomas Spear, katika kitabu chake cha mwaka 1978, aliyachukua kuwa kumbukumbu ya safari ya kweli ya karne ya 16. Justin Willis, mwaka 1993, aliona kwamba umoja wa Mijikenda ulijengwa zaidi na uhusiano wao na Mombasa katika nyakati za karibuni. Uchunguzi wa Richard Helm katika bara la pwani umeonyesha makazi yaliyoendelea tangu milenia ya kwanza, bila pengo kubwa ambalo kuhama kwa taifa zima kungeliacha. Huenda koo fulani zilitoka kaskazini zikawakuta jamaa waliokwisha kuwapo, na simulizi la wageni likawa la wote. Kwa mtazamo huo, Mdigo wa leo ana haki ya kuvihesabu vigae vya karne ya 3 kuwa sehemu ya urithi wake.

Watu walipotoka katika kaya na kuishi mashambani, misitu ilibaki kuwa makaburi na mahali pa matambiko. Kukata mti kulikatazwa, na katazo hilo limehifadhi mimea adimu ambayo kwingineko imekwisha. Hali ya kuwa Wadigo wengi ni Waislamu haikuufuta wajibu wa wazee wa kaya. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa, zilizotawanyika katika kilomita zipatazo 200 za pwani, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Miongoni mwake imo Kaya Kinondo, kusini mwa Diani, ambamo mgeni huingia akiwa amejifunga shuka nyeusi na kufuata masharti ya wazee. Mwaka uliofuata, mila zinazohusiana na kaya ziliwekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Mpaka na hati

Mambo mawili ya zama za ukoloni yangali yanaigusa ramani ya Kwale. La kwanza ni mpaka. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuchora mstari kutoka mdomo wa Umba hadi Ziwa Viktoria. Mstari huo uliwagawa Wadigo, Wavumba na Wasegeju, baadhi wakabaki upande wa Tanga na wengine upande wa Vanga. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, kiongozi wa Wamazrui aliyewapiga vita Waingereza mwaka 1895, aliuvuka mpaka huo mwaka uliofuata na kujisalimisha kwa Wajerumani.

La pili ni sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Sheria hiyo ilimtaka kila mwenye ardhi ya pwani alete dai lake lithibitishwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya serikali ya kikoloni. Ardhi ya Wadigo ilikuwa ya ukoo. Zamani urithi wao ulipita upande wa mama, kutoka kwa mjomba hadi kwa mpwa, na mtu mmoja hakuwa na hati ya kuonyesha. Wengi hawakudai, au hawakujua kwamba walipaswa kudai. Jamii zenye dalili za makazi ya karne nyingi ziligeuka maskwota katika nchi yao wenyewe, na kesi za ardhi za Diani, Msambweni na Lungalunga zina mizizi huko.

Kilichomo hatarini

Thamani ya madini imeongeza uzito wa suala hilo. Mchanga wa nyanda za chini una titani, nayo ilichimbwa na kampuni ya Base Titanium kuanzia mwaka 2013 hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Mlima Mrima, ulioko katika sehemu ya Lungalunga, una niobi na madini mengine adimu. Juu yake kuna msitu ambao ni kaya ya Wadigo na mnara wa kumbukumbu wa taifa unaolindwa na sheria. Leseni ya kuuchimba ilitolewa kwa kampuni ya Cortec mapema mwaka 2013 na kufutwa mwaka huo huo. Kampuni ilikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2018 wasuluhishi waliamua kwa upande wa Kenya. Miongoni mwa waliyoyazingatia ni kwamba eneo hilo lilikuwa limehifadhiwa kisheria na kwamba leseni haikufuata masharti ya mazingira.

Uamuzi huo una funzo kwa Kwale nzima. Kilichousaidia Mlima Mrima ni kwamba msitu wake ulikuwa umeandikishwa. Mahali pengi penye vigae, visima vya kale na makaburi hapajaandikishwa popote, na mkulima au mjenzi anaweza kupafuta kwa siku moja bila kujua alichokifuta. Kigae kilichotolewa ardhini bila kuandikwa kilikokuwa hakiwezi tena kueleza kilikuwa cha nani, wala cha lini. Kwa watu ambao haki zao za ardhi zilipotea kwa kukosa karatasi, ushahidi wa ardhini ndio hati yao ya kale kuliko zote, na kuuandikisha kabla haujaguswa ni kazi ambayo kaunti, Makavazi ya Kitaifa na wazee wa kaya wanaweza kuifanya kwa pamoja.